Biashara ya Picha: Darsa Katika Mlango wa Kuuza na Kununua

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, darsa yetu ya leo ni katika mlango wa kuuza na kununua. Tulikuwa tumekusudia kuendelea na mlango wa rehani pale tulipokomea, lakini limetujia suali ambalo tumeona kulijibu kwatangulia mpango wa kitabu, kwani jambo lenyewe limekwisha kuingia katika nyumba nyingi za pwani yetu, tangu Lamu mpaka Vanga, na wengi hulifanya bila ya kuijua hukumu yake.

Muulizaji ni mama mjane akaaye Mji wa Kale, Mombasa. Hana duka, ana simu yake tu. Kuna mfanyabiashara wa jumla, mtaa wa Eastleigh, Nairobi, ambaye humpelekea picha za abaya. Mama huyu huzitia picha hizo katika WhatsApp na Facebook, akaongeza shilingi 500 juu ya bei ya yule bwana. Mteja akipenda humlipa kwa M-Pesa, naye huzituma pesa Nairobi, kisha mzigo huja kwa basi. Ameendesha mambo hivi kwa muda wa miaka miwili, na ndiyo riziki ya watoto wake. Kabla ya Idi iliyopita wateja sita walimlipa. Mzigo ulipofika, kitambaa kilikuwa chepesi kuliko kilivyoonekana pichani, na abaya mbili rangi zake zilikuwa nyingine kabisa. Yule bwana akamwambia kwamba zile za kwanza zimekwisha, na pesa harudishi. Sasa wateja wamemgeukia, na mmoja amemwandika kuwa ni mwizi, mbele ya mji mzima. Mama auliza: kosa lake ni lipi, naye hakukifuma kitambaa wala hakuipiga picha? Na faida aliyoila miaka miwili, je, ilikuwa halali?

Kabla ya kujibu, twapenda kuliondoa neno moja njiani. Wako wazee wetu wasemao kwamba biashara hii ya simu si biashara bali ni mchezo, na kwamba mwanamke akitaka heshima yake asiingie katika kuuza. Maneno haya hayana asili. Bibi Khadija (R.A.) alikuwa mfanyabiashara, akipeleka mali yake Sham kwa mikono ya watu aliowaamini, na Mtume (S.A.W.) mwenyewe, kabla ya kupewa utume, alikuwa mmoja wa hao. Mwanamke wa leo aliye nyumbani kwake, asiyeweza kulipa kodi ya chumba katika Barabara ya Biashara, amefunguliwa mlango ambao mama zake hawakuwa nao. Na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, hata haja ya kupeana pesa mkononi imeondoka. Hii ni neema. Lakini neema haigeuzi hukumu. Kuuza ni kuuza, ikiwa ni sokoni Kongowea au ni katika kioo cha simu.

Sasa tuje kwenye suali. Hakim bin Hizam (R.A.), aliyekuwa mfanyabiashara katika Masahaba, alimwendea Mtume (S.A.W.) akamweleza kwamba hujiwa na mtu atakaye kununua kitu ambacho yeye Hakim hanacho, naye akamuuzia, kisha akaenda sokoni kukinunua apate kumpa. Mtume akamkataza kuuza kitu asichokuwa nacho. Ewe msomaji, hebu itazame kadhia hii. Imepita miaka zaidi ya elfu na mia tatu, nayo ni kadhia ya mama yetu huyu, haikupungua wala haikuzidi ila simu na basi.

Na sababu ya katazo si ngumu kuielewa. Mwenye kuuza kitu kilicho mikononi mwa mwingine ameuza ahadi ya mtu wa tatu. Amechukua pesa kwa uhakika na ametoa kwa kubahatisha. Akibadilika yule wa jumla, au bei ikapanda, au mali ikamalizika, atakayeulizwa ni yeye aliyepokea pesa, wala hana la kujibu. Ndivyo ilivyomfika mama huyu. Yeye aona kwamba ameponzwa na mtu wa Nairobi. Sisi twaona kwamba tangu siku ya kwanza alikuwa amesimama mahali pa hatari, na kwa miaka miwili aliokoka tu.

Liko na jambo la picha. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kauli yenye nguvu, aliyoishika Imam Nawawi katika Minhaj, ni kwamba haisihi kuuza kitu kisichoonekana. Mahanafi wao wamekubali, kwa sharti kwamba mnunuzi ana khiari ya kukataa atakapokiona. Huenda mtu akasema: lakini picha si kuona? Wanavyuoni wamesema kwamba kuona kwa kila kitu ni kwa namna inayokifaa kitu hicho, na nguo wakataka ikunjuliwe, isiuzwe ikiwa imekunjwa. Ikiwa nguo iliyo mbele ya macho yako haitoshi mpaka ikunjuliwe, utasemaje juu ya picha? Picha haina uzito. Huwezi kuisugua kwa vidole ukajua kama kitambaa kitapitisha mwanga ukisimama mlangoni. Rangi yake hufuata taa iliyopigiwa na simu inayoionyesha. Na hiyo ni picha ya kweli ya nguo ile ile. Seuze picha iliyochukuliwa kwa mtu mwingine, naye ameichukua kwa mwingine, mpaka hapana ajuaye nguo yenyewe i wapi, ikiwa iko!

Je, tumfungie mama huyu mlango? La. Sharia haikuja kuwanyima watu riziki zao. Ziko njia tatu, na kila moja ni nyoofu.

Ya kwanza ni kununua kabla ya kuuza. Atasema kwamba hana rasilimali. Basi anunue abaya tatu badala ya kuonyesha picha thelathini. Tatu hizo zitakuwa mkononi mwake, ataipiga picha kila moja kwa mwanga wa mchana, ataandika urefu wake na namna ya kitambaa, na ikiwa mshono umefumuka mahali atapaonyesha. Faida itakuwa ndogo mwanzo. Lakini usiku atalala.

Ya pili ni udalali wa wazi, na kwa mwenye mali kidogo sisi twaipenda zaidi. Amwambie mteja: mali si yangu, iko Nairobi, nitakununulia kwa pesa zako, na ujira wangu ni shilingi 500. Hapo si muuzaji bali ni wakili. Lakini tahadhari! Wakili ana amana. Mtume (S.A.W.) alimpa Urwa al-Bariqi dinari moja amnunulie mbuzi. Urwa akanunua mbuzi wawili kwa dinari ile, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi kwa Mtume na mbuzi na dinari yake. Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Tazama kwamba Urwa hakuitia mfukoni ile dinari akasema hii ni akili yangu. Basi na wewe dalali, ukipunguziwa shilingi 200 na mtu wa jumla, hizo ni za mteja aliyekutuma, ila akiridhia mwenyewe kukuachia. Hapa ndipo wengi wajikwaapo: kwa mteja husema mimi ni mjumbe tu, lakini bei ya kweli huificha kana kwamba mali ni yao. Hawezi mtu kula faida ya muuzaji na kukimbia dhamana ya muuzaji.

Ya tatu ni salam, nayo ni kuuza kitu cha kuelezwa kwa sifa, kitakachotolewa baadaye. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda kabla ya wakati wake, wala hakuwazuia, bali aliwataka kipimo kijulikane, na uzani, na muda. Kwa hiyo mama aweza kuuza abaya ya kitambaa fulani, urefu fulani, rangi fulani, ya kutolewa siku fulani, na hiyo ikawa deni juu yake yeye, apate kwa Eastleigh au kwingineko. Lakini katika madhehebu yetu sharti thamani yote ilipwe katika kikao kile kile cha mapatano. Huu mtindo wa nusu sasa na nusu mzigo ukifika, ulioenea sana, hauingii katika salam kwetu. Atakaye salam na alipwe yote, na mwenye kupokea yote na ajue kwamba ameyabeba yote.

Kuna mambo mengine katika biashara hii ambayo twayapitia kwa haraka. Mwenye kuuza simu iliyotumika, naye ajua kwamba betri yake haifiki adhuhuri, akanyamaza, ameficha aibu. Mtume (S.A.W.) alitia mkono wake katika chungu ya chakula sokoni, akakuta chini yake umajimaji, akamkemea mwenyewe kwa kutouweka juu watu wakauona. Na wale waombao jamaa zao waandike chini ya tangazo kwamba wamenunua na wameridhika, nao hawakununua kitu, hilo ni tawi la najash, yaani kupandisha mali kwa udanganyifu. Ama kuficha bei na kumtaka kila mtu aulize faraghani, hatusemi kwamba ni haramu kwa dhati yake. Lakini mwenye kufanya hivyo ili amtaje bei tajiri kwa namna na maskini kwa namna, na ajiulize nafsi yake kwa nini aiogopa bei yake kuonekana.

Wala tusiwalaumu wauzaji peke yao. Wanunuzi nao wana maovu yao. Yuko aagizaye, na mwendesha bodaboda akifika mlangoni simu huzimwa. Yuko atumaye ujumbe wa M-Pesa wa kughushi. Na yuko alipaye kweli, akachukua mali, kisha akaomba kampuni imrudishie pesa kwa madai kwamba alikosea namba. Huu ni wizi mtupu, hata mwenye kuufanya akiwa ameshika tasbihi. Dawa yake kwa muuzaji ni kutazama salio lake mwenyewe kabla ya kutoa mzigo, asitosheke na ujumbe aliosomewa.

Na mzigo ukipotea njiani, hasara ni ya nani? Katika madhehebu yetu mali iliyouzwa huwa katika dhamana ya muuzaji mpaka mnunuzi aipokee. Basi ikiwa bodaboda ametumwa na muuzaji, hasara ni ya muuzaji. Ikiwa mnunuzi ndiye aliyemtuma, huyo ni wakili wake, na kukabidhiwa yeye ni sawa na kukabidhiwa aliyemtuma. Hili na lisemwe kabla ya mzigo kutoka. Tena liandikwe: aya ya 282 ya Suratul Baqara imetuamrisha kuandika madeni, na leo mtu hana udhuru, kwani kalamu na karatasi vimo katika simu ile ile.

Hapa yatupasa kutaja jambo la aibu. Tumeambiwa kwamba wako wauzaji wa mtandaoni ambao soko likilala huenda kwa waganga kutafuta hirizi ya kuvuta wateja, na wengine hufukiza simu zao ubani! Mwenye kufanya hivi ametoa pesa zake kumpa mtu asiyeweza hata kujivutia wateja mwenyewe ila kwa uwongo.

Tumrejee mama yetu. Ama faida ya miaka miwili, aliifanya kwa kutojua, na walionunua walipokea wakaridhika; hatumwambii akawatafute, bali na atubu na kuanzia leo atengeneze. Ama wateja sita, pesa zao ni deni juu yake yeye, si juu ya mtu wa Nairobi, kwani wao hawamjui wala hawakumlipa. Awaite waje wazione nguo kwa macho yao. Atakayeridhika na achukue kwa mapatano mapya, hata kwa bei ya kupunguzwa. Asiyeridhika na arudishiwe pesa zake zote bila ya kukatwa; na ikiwa mama hana kwa sasa, aombe muda, na mwenye kumdai akumbuke fadhila ya kumngoja mwenye dhiki. Kisha aandike khabari hiyo mahali pale pale alipozionyesha picha, maana ndipo jina lake lilipochafuliwa. Yeye naye ana haki ya kumdai yule wa jumla aliyempelekea kisichokuwa kilichopatanwa, na aweke risiti na maandishi yao yote, pengine yatahitajiwa mbele ya hakimu. Ama nauli ya basi ya mzigo ule, hiyo asimtoze mteja hata mmoja.

Wallahu aalam. Darsa ijayo, inshallah, tutarudi kwenye rehani.