Mbwa ni najisi, je, mawe tumeruhusiwa na nani?



Masika yaliyopita hapa Lugoba, mbwa jike asiye na mwenyewe alizaa nyuma ya banda la madrasa yetu. Siku ya tatu vijana wa darasa la jioni wakamzunguka na kokoto, kitu ambacho hapa kwetu hakina uhaba. Mimi mwalimu wao nilikuwa kibarazani natazama. Sikukataza. Mtoto mmoja wa mbwa alikufa, na mama yake akavunjika mguu. Ndipo binti mmoja akanifuata: "Ustadh, yule mbwa uliyetusomesha juzi, aliyepewa maji, kwani yeye hakuwa najisi?"

Sikuwa na jibu la haraka.

Hadithi yenyewe imo katika Bukhari na Muslim. Mtu mwenye kiu aliteremka kisimani akanywa, alipotoka akamkuta mbwa anaramba udongo kwa kiu. Akarudi kisimani, akajaza maji katika khofu yake, akaishika kwa meno akapanda, akamnywesha. Allah akamsamehe dhambi zake. Maswahaba walipouliza kama wanyama nao wana malipo, Mtume (S.A.W.) akawajibu kuwa kila chenye uhai kina ujira.

Sisi watu wa pwani ni Shafii, na kwetu mbwa ni najisi nzito. Akiramba chombo, kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. (Wenzetu Maliki wanamwona tohara.) Lakini hukumu hiyo inahusu chombo, nguo na udhu. Haisemi popote mbwa apigwe. Katika Sahih Muslim imo kwamba amri ya kuua mbwa ilitolewa Madina, kisha Mtume akaikataza. Aliyebaki, kwa kauli ya wanazuoni, ni mbwa mkali mwenye kudhuru, na mwenye kichaa ni huyo huyo.

Na kichaa cha mbwa ndiyo hoja kubwa ya wazee wetu, nao wana haki ya kuogopa. Ila tazama Pemba, kisiwa cha Waislamu. Ugonjwa ulikwisha huko mwaka 2014, ukarudi 2016, ukamalizwa tena 2018. Chanjo ndiyo iliyoumaliza.

Kuna watu wanaofanya kazi hii kwa kujitolea. Usa River, Arusha, lipo shirika la Mbwa wa Africa. Nairobi ipo KSPCA yenye kituo chake Karen. Mbwa aliyetupwa huchukuliwa, hutibiwa, huchanjwa, hufungwa kizazi, kisha hutafutiwa mtu wa kumlea, na anayemtaka huulizwa kwanza ataishi naye vipi.

Hapa mwanafunzi wa fiqhi atauliza maswali, na aulize. Thamani ya mbwa imekatazwa. Lakini anayerudisha gharama ya dawa na chanjo hajanunua mbwa. Kuhasi mnyama asiyeliwa, vitabu vyetu vya Shafii vimekataza. Wanazuoni wengi wa leo wanaruhusu panapokuwa na madhara ya kuondoa, nami naona watoto wanaozaliwa jalalani kila msimu ni madhara. Kufuga bila haja hupunguza thawabu kila siku, isipokuwa mbwa wa mawindo, mifugo au shamba. Wengi wakaongeza kwa kiyasi ulinzi wa nyumba. Basi kumpeleka mbwa kwa mwenye ng'ombe au shamba si kuvunja hadithi hiyo. Ni kuifuata.

Ndivyo tulivyofanya. Tulichangishana, bwana mifugo akaja kuwachanja walipofikia umri. Wawili walichukuliwa na mfugaji wa Kimasai, mmoja na mzee mwenye shamba la mahindi linaloliwa na nguruwe pori. Nilimuuliza kila mmoja atamlaza wapi na atamlisha nini. Yule mzee alicheka sana, akasema hata alipoposa hakuulizwa hivyo.

Mama yao hakuna aliyemtaka, kwa ajili ya mguu. Yupo bado, anachechemea upande wa pili wa barabara. Binti yule humwekea maji katika kopo lake maalumu, naye hunawa kabla ya kushika msahafu. Kuna mzee mmoja wa msikitini hajaniitikia salamu tangu siku ile. Nami kila jioni humwanza.