SOMO LA NYUMBANI: DADA NA MDOGO WAKE

Somo letu la safari hii halihitaji daftari. Lahitaji televisheni, sahani ya karanga, na watu wa nyumbani kuketi pamoja kwa muda wa saa mbili na dakika chache. Tumechagua sinema ya kuchekesha iitwayo A League of Their Own, iliyotolewa Marekani mwaka 1992 na kuongozwa na Penny Marshall.

Habari yenyewe

Mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, wachezaji wengi wa besiboli walikuwa wamekwenda jeshini. Ndipo Philip Wrigley, mwenye timu ya Chicago Cubs, alipoanzisha ligi ya wanawake. Jambo hili ni la kweli. Ligi ile ilidumu mpaka mwaka 1954, na wanawake zaidi ya 600 waliichezea. Walicheza wakiwa wamevaa sketi, hata mapaja yakachubuka walipojitupa chini mavumbini, na tena wakafundishwa namna ya kutembea na kuketi kwa madaha!

Lakini watu tunaowaona katika sinema ni wa kubuni. Kocha wa timu ya Rockford Peaches, anayeigizwa na Tom Hanks, ni mlevi anayesinzia benchini huku wasichana wakijipanga wenyewe. Baadaye anazinduka, anamkaripia mchezaji mmoja mpaka analia, kisha anashangaa kwamba mtu aweza kulia katika besiboli. Nyumbani kwetu tulicheka mpaka machozi. (Wazazi, itazameni kwanza ninyi. Ulevi na maneno ya ovyo yamo.)

Yatupasayo kujifunza

Dottie ni mdakaji hodari, na Kit, mdogo wake, ni mrushaji. Mapema kabisa Kit analalamika kwamba baba yao humtambulisha Dottie kwa jina, lakini yeye huitwa tu mdogo wake Dottie. Hapo tulicheka pia. Ndipo binti yetu mdogo akasema, wala hakuwa akitania, "Huyo ni mimi."

Tulinyamaza. Ni kweli: mgeni akibisha hodi, sisi husema, "Huyu ndiye anayeongoza darasani, na yule ni mdogo wake." Tulidhani tunamsifu mmoja tu. Hatukujua kwamba tunamfuta mwingine.

Mwisho wa hadithi, Kit amehamishiwa timu ya Racine, na ndugu hao wanakutana katika mchezo wa kuamua bingwa. Kit anakimbia kwa nguvu zote, anamgonga Dottie, mpira unamponyoka Dottie mkononi, na Racine wanashinda. Je, Dottie aliuachia kwa makusudi? Sinema haisemi. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Binti yetu mkubwa alisema, "Mimi ningemwachia." Mdogo akajibu, "Basi ushindi usingekuwa wangu."

Jibu hilo limetufunza sisi wazazi. Mtoto aliye nyuma ya mwenzake haombi huruma. Anaomba aitwe kwa jina lake, na aachwe ashindane kwa haki. Juma lililofuata alikuja mgeni. Tulianza na jina la mdogo, kisha tukalitaja la mkubwa, na habari za darasani hatukuzigusa.

Maswali ya kuzungumza

1. Je, yuko mtoto nyumbani kwenu anayejulikana kwa jina la ndugu yake tu?

2. Wewe wafikiri Dottie aliuachia mpira? Kwa nini?

3. Kuna mahali mpira unatoka uwanjani, na mwanamke mweusi anaurudisha kwa nguvu ya ajabu. Ligi ile haikuwapokea wanawake weusi, na jina lake hatuambiwi. Ni nani katika mtaa wetu ana kipawa, lakini bado amesimama nje ya uwanja?