SOMO LA KOMPYUTA: GRAFU HAIONEKANI KATIKA RIPOTI YA PDF



Wewe unayejifunza Python unaweza kuisaidia kamati ya maji ya zoni yako kwa kuandaa ripoti. Grafu moja yatosha: inaonyesha lita ambazo kila mtu anapata kwa siku, pamoja na mstari wa lita 15, ambacho ni kiwango cha chini cha Sphere. Lakini ripoti ikifika kikaoni na pengo mahali pa grafu, mwakilishi wenu atakosa ushahidi wa kuonyesha. Kwa hiyo jifunze kutafuta kosa kwa utaratibu.

Kazi hii ina hatua mbili. Kwanza, Matplotlib inachora grafu na kuihifadhi kama picha. Pili, fpdf2 inachukua picha hiyo na kuiweka kwenye ukurasa. Usianze kubadilisha hatua ya pili kabla ya kuifungua picha yenyewe na kuitazama. Hapo utajua kosa liko upande gani.

1. Picha ni nyeupe tupu.
Tazama mpangilio wa amri. "savefig" itangulie "show". Ukishafunga dirisha la "show", mchoro umekwisha ondoka, na utahifadhi karatasi nyeupe.

2. Grafu ya zoni ya pili ina mistari ya zoni ya kwanza.
Funga kila mchoro kwa "plt.close" baada ya kuuhifadhi.

3. Maneno ya pembeni yamekatwa.
Ongeza bbox_inches="tight".

4. Picha ni nzuri, lakini programu inasema faili haipo.
Programu hutafuta picha katika folda ambamo umeiendeshea, na huenda siyo folda ulimohifadhi picha. Andika njia kamili ya faili. Angalia herufi pia: kwenye Linux, Maji.png na maji.png ni faili mbili tofauti.

5. Grafu inaonekana, lakini ikichapishwa haisomeki vizuri.
Usipotaja ukubwa, Matplotlib hutoa picha ya inchi 6.4 kwa 4.8, yenye nukta 100 kwa kila inchi, yaani nukta 640 kwa 480. Ukiweka dpi=300 utapata kama 1920 kwa 1440.

6. Grafu imevutwa, imenenepa au imerefuka.
Taja upana peke yake. Urefu utapangwa wenyewe. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210, hivyo 160 inatosha.

Mfano:

plt.savefig("maji.png", dpi=300, bbox_inches="tight")
plt.close()
pdf.add_page()
pdf.image("maji.png", w=160)
pdf.output("ripoti.pdf")

ZINGATIA: Printa ikiwa ya wino mweusi tu, rangi nyekundu na kijani zinaweza kutoka zikifanana. Tofautisha zoni kwa mistari ya nukta na mistari mizima, na uandike jina la zoni kando ya kila mstari.

Siku moja kabla ya kikao, chapisha nakala moja. Mpe jirani ambaye hajui kompyuta, umwulize ni zoni ipi inayopata maji pungufu ya lita 15. Akijibu sawasawa, ripoti iko tayari.