Cheyenne: Mji Uliozaliwa na Reli

Katika somo la historia tumezoea kujifunza habari za wafalme na vita. Mimi naona kwamba mtu akitaka kuujua mji, yafaa azitazame njia zake: nani hupita humo kila siku, na siku ya sikukuu nani hutangulia mbele. Basi nimechagua mji mmoja wa Marekani, uitwao Cheyenne, ili tujifunze pamoja.

Kampuni ya Union Pacific ilikuwa ikijenga reli kutoka Omaha kwenda magharibi. Mwezi wa Julai 1867, mhandisi wake mkuu, Grenville Dodge, alichagua mahali nyikani, pasipo na nyumba hata moja. Mji ukapimwa, njia zake zikanyooka na kukatana kama miraba ya ubao wa dama. Mwezi wa Septemba gazeti la kwanza likatoka. Reli yenyewe ilifika tarehe 13 Novemba. Ndiyo kusema mji ulitangulia, gari la moshi likafuata!

Njiani palikuwa na mahema na vibanda vya mbao, maduka, vilabu vya pombe na nyumba za kamari. Wajenzi wa reli, askari na wachuuzi walipita usiku na mchana. Sheria ilikuwa dhaifu, hata katika mwaka wa 1868 raia wengine walijitwalia hukumu wakanyonga watu pasipo mahakama. Mwaka huo huo reli ilisonga mbele hadi Laramie, na watu wengi wakang'oa mahema wakaifuata. Mji mwingine wa namna hii, Benton, ulizaliwa na kufa katika mwaka huo mmoja. Cheyenne ulipona kwa sababu kampuni iliweka karakana zake pale. Katika hesabu ya mwaka 1870 watu walikuwa 1,450. Mwaka 1890 walikuwa 11,690.

Sasa tuitazame sikukuu. Cheyenne ni mji mkuu wa Wyoming. Tarehe 10 Julai 1890 Rais Benjamin Harrison alitia sahihi sheria iliyoifanya Wyoming kuwa jimbo la 44, na tarehe 23 Julai mji ukasherehekea. Njia moja pana hutoka stesheni ya reli hadi jumba la serikali, na mbele ya jumba hilo umati ulikusanyika baada ya maandamano. Bibi Theresa Jenkins alihutubia. Kisha Bibi Esther Morris, aliyekuwa hakimu mwaka 1870 katika mji wa South Pass City, akamkabidhi Gavana Francis Warren bendera yenye nyota 44 kwa niaba ya wanawake.

Kwa nini wanawake walipewa heshima hiyo? Kwa sababu sheria ya tarehe 10 Desemba 1869 iliwapa wanawake wa Wyoming haki ya kupiga kura. Katiba ya Marekani haikuwalinda wanawake wa nchi nzima kwa haki hiyo mpaka mwaka 1920. Mji uliokuwa na sifa ya ulevi na kamari ukawa mbele ya miji mikubwa yenye vyuo na makanisa marefu.

Lakini tusifunge daftari hapa. Jina la mji ni la kabila la Wacheyenne, ambao waliwinda katika nyika zile kabla ya reli. Kufika mwaka 1890 walikwisha kusukumwa mbali, katika sehemu ambazo leo ni Montana na Oklahoma. Tena, mwaka 1885, katika mji wa Rock Springs ulio kwenye reli hiyo hiyo, wachimbaji 28 wa Kichina waliuawa na wazungu waliogombea kazi nao katika mashimo ya makaa ya mawe. Bendera ilipokabidhiwa, haikupita hata miaka mitano tangu damu ile.

Haki ya wanawake ilikuwa ya kweli, na dhuluma ile pia ilikuwa ya kweli. Kwa hiyo nawashauri wenzangu, mkisoma habari za sikukuu yo yote, msiishie kuuliza nani aliandamana na nani alihutubia. Ulizeni pia nani hakuwapo, na kwa sababu gani.