USALAMA NA AFYA: Mifuko ya hewa nyuma ya kamyoneti, namna ya kuiweka na kuinyoosha



Kamyoneti ni mutumishi wa kila siku mu mugodi. Asubuhi inapeleka ekipi ku kazi, saa sita inaleta pompe na vyombo, magaribi inarudisha watu. Barabara zetu ziko na mashimo wakati wa vumbi, na matope wakati wa mvua. Kwa sababu hiyo resori za nyuma zinachoka mbele ya vipande vingine. Motokari inaanza kulala nyuma, na pua yake inatazama juu.

Ili kusaidia resori hizo, garaji nyingi zinaweka mifuko ya hewa kati ya ponti ya nyuma na shasi. Ni kazi nzuri ikifanywa kwa akili. Lakini mufuko uliowekwa upande unaweza kutoboka, kukata tiyo ya freni, ao kupasuka mbele ya uso wa mutu. Hata mufuko uliowekwa vizuri unaweza kuleta kifo kama shofere anautumia kwa kuficha muzigo mukubwa. Tujifunze basi jambo hili hatua kwa hatua. Somo hili ni la mekanisiani na la shofere pia, na hata la shefu wa ekipi anayeamuru muzigo upakiwe.

MUFUKO WA HEWA UNAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Ni mupira mugumu wenye nyuzi za nguvu ndani yake, sawa pine. Juu na chini umefungwa na bamba la chuma. Hewa iliyo ndani inasukuma mabamba hayo mawili na kuinua shasi.

Hesabu yake ni nyepesi. Presio ya bari 1 inasukuma kwa nguvu ya karibu kilo 1 juu ya kila sentimeta mraba. Tuseme mufuko mumoja unasukuma juu ya eneo la sentimeta mraba 100. Kwa bari 1 unabeba karibu kilo 100. Kwa bari 3 unabeba karibu kilo 300. Mifuko miwili kwa bari 3 inabeba karibu kilo 600. Angalia basi: anayeongeza bari moja tu anaongeza nguvu nyingi chini ya shasi.

Mifuko mingi ya kamyoneti haikubali kupita karibu bari 7, na haipendi kushuka chini ya bari 0,35 hata wakati motokari ni tupu. Mufuko usio na hewa unakunjwa na kubanwa kati ya vyuma mpaka unatoboka. Soma karatasi ya fabriki kila mara, kwa maana kila aina ya mufuko iko na kipimo chake.

UWONGO MUMOJA WENYE KUUA

Watu wengine wanasema: "Tumeweka mifuko, sasa motokari inaweza kubeba zaidi." Si kweli hata kidogo. Mifuko inainua sehemu ya nyuma, lakini haibadilishi freni, haibadilishi mapine, haibadilishi ponti wala shasi. Uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa ni ule ulioandikwa na fabriki, nao unabaki vile vile.

Tufanye mufano. Kamyoneti tupu ina kilo 2000, na fabriki inaruhusu kilo 2800 kwa jumla. Inabaki kilo 800. Watu sita wa kilo 75, pamoja na shofere, ni kilo 450. Mifuko minne ya simenti ya kilo 50 ni kilo 200. Vyombo ni kilo 150. Jumla ni kilo 800: imejaa. Sasa mutu analeta pompe ya kilo 120. Ukiipakia, umepita kipimo, hata kama hewa ya mifuko imeinua motokari na inaonekana imenyooka vizuri.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Resori ya mabamba inashika shasi pahali pawili kila upande, mbele na nyuma, na uzito unagawanyika. Mufuko unasukuma pahali pamoja tu, juu ya ponti. Muzigo ukiwa mwingi na uko nyuma kabisa ya sanduku, na mufuko umejazwa kwa nguvu, shasi inapindika pahali pale pa mufuko. Mashimo ya barabara yanamaliza kazi hiyo. Kamyoneti imevunjika mugongo.

MBELE YA KUANZA KAZI

1. Simamisha motokari pahali pa sawa na pagumu, kamwe si juu ya udongo wala mu mutelemko. Vuta freni ya mukono. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele.

2. Motokari ikiwa tupu, pima kimo chake: toka katikati ya gurudumu la nyuma mpaka ukingo wa karoseri juu yake. Pima kuume na kushoto, andika hesabu zote mbili. Bila hesabu hizi hutajua kunyoosha kitu.

3. Inua shasi kwa kriki, kisha weka miguu ya chuma chini ya shasi pande zote mbili. Kriki ni ya kuinua tu. Si ya kushikilia. Joint yake moja ikiachia, mutu aliye chini hana nafasi ya kukimbia. Hakuna kazi ya dakika mbili chini ya motokari iliyo juu ya kriki peke yake.

4. Shusha ponti polepole mpaka upate nafasi ya kuingiza mufuko. Angalia tiyo ya freni isivutwe.

5. Safisha matope, kisha chunguza: mabamba ya resori, buloni zinazoyafunga ku ponti, amortisere, na nyufa za shasi. Bamba la resori lililovunjika linabadilishwa. Mufuko si dawa ya resori iliyovunjika.

Vaa kaske, miwani na viatu vya kazi. Toa pete na saa ya mukono.

KUWEKA NA KUNYOOSHA

Mara nyingi mufuko unachukua pahali pa kipande cha mupira kinachozuia ponti kugonga shasi. Ukikitoa, jua ya kama toka siku hiyo mufuko ndio unaofanya kazi yake. Kwa hiyo kutembea bila hewa ni kugongesha chuma na chuma.

Mabamba ya kuume na ya kushoto mara nyingi hayafanani, kwa sababu ya bomba la moshi na kamba ya freni ya mukono. Yapange chini kwanza, uyalinganishe na karatasi ya fabriki. Ingiza buloni zote kwa vidole, usizikaze bado. Usichome shasi kwa kusudetere: tangi ya mafuta, tiyo za freni na mufuko wenyewe viko karibu na moto.

Kunyoosha hakufanywi ponti ikiwa inaning'inia. Rudisha ponti juu mpaka ibebe uzito wa motokari ku kimo chake cha kazi, kisha angalia mambo manne:

– Simama nyuma ya motokari: bamba la juu na la chini yawe juu ya mustari mumoja. Kamba yenye kipande cha chuma inatosha kuwa timazi.
– Tazama toka kando: mufuko usiegemee mbele wala nyuma.
– Pima nafasi kati ya mabamba mawili, upande wa mbele na wa nyuma, wa ndani na wa inje. Nafasi zikilingana, mabamba yananyooka. Zikitofautiana sana, mufuko utapindika na kuliwa upande mumoja.
– Angalia pande zote za mufuko: pine, shasi, tiyo za freni na buloni zisiuguse. Acha nafasi ya milimeta 13 ao zaidi mufuko ukiwa na hewa, maana ukijazwa unavimba. Bomba la moshi likiwa karibu, weka bamba la kuzuia joto.

Mambo yote manne yakiwa sawa, kaza buloni kidogo kidogo, moja na ile inayoielekea, mpaka nguvu iliyoandikwa na fabriki. Kisha pima tena, kwa sababu kukaza kunaweza kusogeza bamba.

TIYO YA HEWA

Kata tiyo ya plastiki kwa kisu kikali, mukato wa moja kwa moja. Tiyo iliyokatwa kwa upande ao kwa makasi inavujisha hewa. Isukume mpaka mwisho, kisha ivute kidogo kuona kama imeshika. Ipitishe mbali na bomba la moshi, sentimeta 15 ao zaidi, na mbali na kila chuma chenye makali.

Ni vizuri kila mufuko uwe na tiyo yake na valvu yake. Mifuko miwili ikiunganishwa na tiyo moja, mu kona hewa inakimbia toka mufuko unaobanwa kwenda ku mufuko mwingine, na motokari inazidi kuinama. Juu ya barabara ya mugodi yenye mutelemko, huo ndio mwanzo wa kupinduka.

KUTIA HEWA

Usitie hewa kamwe mu mufuko usiofungwa juu na chini. Unaweza kuruka na kuua.

Kompreseri ya garaji iko na nguvu nyingi na mufuko ni mudogo. Tia hewa kwa vipindi vifupi, upime kwa manometri kila mara. Usikadirie kwa macho wala kwa kupiga teke.

Hewa inapoingia ao kutoka, shasi inapanda ao inashuka. Wakati huo hakuna mutu chini ya motokari, hakuna mukono kati ya shasi na ponti. Anayeshika valvu anaita kwanza kwa sauti, anangoja jibu, ndipo anafungua. Na mbele ya kufungua joint yoyote ya tiyo, toa hewa yote.

Paka maji ya sabuni ku joint zote. Povu likipanda, kuna pahali panapovuja. Andika presio, uache motokari mupaka kesho yake, upime tena. Presio ikishuka, tafuta tundu mbele ya kurudisha motokari ku kazi.

Motokari ikiisha kupakiwa muzigo unaoruhusiwa, tia hewa mpaka kimo cha nyuma kikaribie kimo ulichoandika ikiwa tupu. Usipite kimo hicho. Muzigo ukitolewa, punguza hewa, lakini usiimalize.

FRENI NA TAA

Kamyoneti nyingi, kati yao Toyota Hilux za miaka mingi, ziko na valvu ya freni iliyounganishwa na ponti kwa fimbo ndogo. Nyuma ikilala, valvu inaelewa ya kama kuna muzigo, na inatuma nguvu zaidi ku freni za nyuma. Sasa mifuko ikiinua nyuma, valvu inadanganywa: inafikiri motokari ni tupu, na freni za nyuma zinapata nguvu kidogo. Mekanisiani sherti aangalie kama motokari iko na fimbo hiyo, na airekebishe kufuata kitabu cha fabriki. Kisha ajaribu freni polepole ndani ya uwanja mbele ya kutoka barabarani.

Taa nazo zipimwe upya. Nyuma ikilala, taa zinapiga macho ya shofere anayekuja. Nyuma ikiinuka kupita kiasi, taa zinaangaza chini na huoni mutu anayetembea mbele.

KAZI YA SHOFERE

Kila juma pima presio, mifuko ikiwa baridi. Osha matope na utoe mawe madogo yaliyokwama ku mikunjo ya mupira. Tafuta nyufa na alama za kusuguliwa. Kisha kutembea kilometa 800 za kwanza, rudisha motokari ku garaji ili buloni zikazwe tena. Motokari ikiinama upande mumoja njiani, simama. Usiendelee kwa matumaini.

Na siku shefu wa ekipi atakaposema: "Tia hewa tu, twende," mujibu kwa heshima: "Shefu, fabriki inaruhusu kilo 800, na sisi tuko na 920. Pompe itakwenda safari ya pili." Shefu mwenye akili hatakasirika. Safari ya pili inakula nusu saa na mafuta kidogo. Ajali inakula watu sita, na kila mumoja wao anangojewa nyumbani.

MASWALI YA KUZUNGUMUZA MU MUKUTANO WA USALAMA

1. Kwa nini kimo cha motokari kinapimwa mbele ya kazi?
2. Kwa nini kunyoosha mufuko hakufanywi ponti ikiwa inaning'inia?
3. Mufuko wenye eneo la sentimeta mraba 100, kwa bari 4, unabeba karibu kilo ngapi?
4. Kamyoneti ya ekipi yenu inaruhusiwa kubeba kilo ngapi? Ni nani kati yenu amesoma bamba lake?

Swali la nne ndilo kubwa. Kama hakuna anayejua jibu, mwende wote pamoja kulisoma leo, mbele ya kupakia.