Ruhuka wa Kahawa: Makao Yake na Uzazi Wake

Viumbe wengi huzaa mahali pamoja na kutafuta chakula mahali pengine. Ruhuka wa kahawa hana safari hiyo. Mdudu huyu mweusi, ambaye urefu wake haufiki milimita 2, hutoboa tunda karibu na kitovu chake, akachimba njia mpaka ndani ya punje na kutaga humo. Watoto wakianguliwa, ukuta wa nyumba ndio chakula chao. Madume ni wachache, hawawezi kuruka, nao hufia humo humo. Majike hupandwa na ndugu zao kabla ya kutoka. Hivyo jike mmoja arukaye aweza peke yake kuanzisha ukoo katika kibanja kizima.

Hata hivyo, si kila tunda limfaalo. Lililo changa, lenye punje ya majimaji, hulitoboa akangoja mlangoni au akaliacha. Hutaga punje inapoanza kuwa ngumu. Mavuno yakiisha, punje za namna hiyo huadimika, naye hujificha katika matunda yaliyosahauliwa mtini na yaliyoanguka chini ya migomba. Tunda moja kavu laweza kuhifadhi makumi ya majike, wakingoja mvua iwatoe. Kwa bahati mbaya, katika Bukoba na Muleba, hasa kando ya ziwa, miezi mikavu ni michache, na mbuni huweza kubeba matunda ya rika mbalimbali. Ruhuka hapati njaa ndefu.

Mkulima ndiye awezaye kumletea njaa hiyo: achume kila tunda lililoiva, aokote yaliyoanguka, na yaliyotobolewa ayachemshe au ayafukie kwa kina. Kahawa ya maganda nayo ikaushwe barabara, kwani yenye unyevu humpa ruhuka makao mapya ghalani. Aliyekwisha kuuza kwa butura, kahawa ingali mtini, ana sababu gani ya kuinama kuokota masalio? Hasara humfikia jirani yake aliyesafisha, ambaye punje zake nyepesi, zenye matundu, hupunguza uzito na daraja la kahawa ya chama kizima.

Kwa kuwa ruhuka haheshimu mpaka wa kibanja, yafaa kamati ya chama cha msingi ipange siku moja ya kuokota kwa kitongoji chote mara mavuno yanapomalizika. Siku hiyo ikiahirishwa mpaka mvua zikolee, majike watakuwa wamekwisha kuruka.