Uwanja Ujengwe Wapi? Funzo la Fargo

Wahenga walinena kuwa mwamba ngoma huvutia kwake. Ukweli huu unadhihirika katika mpira wa magongo uchezwao juu ya barafu na vyuo vya Marekani. Mashindano ya kitaifa ya wanaume hushirikisha timu 16 katika kanda nne, na chuo mwenyeji kikifuzu hucheza katika kanda kinayoiandaa. Uwanja ukiwa chuoni, mashabiki hufurika lakini wageni hulalamikia haki. Ukiwa mbali, haki hupatikana ila viti hubaki vitupu.

Scheels Arena, uliofunguliwa mjini Fargo mwaka 2008, ni njia ya kati. Chuo Kikuu cha North Dakota kiko Grand Forks, takriban kilomita 130 kaskazini, na kina uwanja wake mkubwa zaidi. Hata hivyo, kimeandaa mashindano ya kanda Fargo. Ukaribu huo haukukihakikishia ushindi: mwaka 2015 kilishinda kanda hapo, ilhali mwaka 2017 kilitolewa na Chuo Kikuu cha Boston katika kipindi cha pili cha nyongeza.

Basi atafutaye kiwanja asiulize bei ya ardhi pekee. Aulize pia: je, shabiki atafika, na mgeni akishindwa, ataondoka akikiri kuwa ameshindwa kwa haki?